Hodi ya Wimbo wa Tano

Ukipiga hodi kwa Fundi ulikuwa hujibiwi "karibu". Ulisikia kikohozi, au bisibisi ikigonga meza mara mbili, au "Pita" iliyotokea puani. Mteja mgeni alibaki mlangoni na redio yake kwapani, hajui amekubaliwa au amefukuzwa. Mimi nilikuwa nimepanga fremu ya duka pembeni yake pale Kaloleni, Arusha, ukuta mmoja katikati, kwa hiyo kazi ya kuwatoa watu wasiwasi ikawa yangu.

"Ingia tu kaka, ndivyo alivyo. Hana neno."

Miaka sita nimekaa ubavuni mwake. Jina lake nalijua, ila silitaji, maana hata yeye alikuwa haliitikii. Ukimwita Fundi anageuka. Ukimwita kwa jina anadhani umetumwa na serikali.

Yeye alikuwa anatengeneza redio, spika na zile deki za kaseti ambazo watu wengi walishazitupa. Mimi naingiza nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Darasani sikufika mbali. Hesabu zilinishinda, nami nikazishinda kwa kuziacha. Lakini niimbie mistari miwili ya wimbo wowote wa nchi hii, wa juzi au wa enzi za bibi yangu, nitakutajia na ulivyoanza. Ndoto yangu ni kutangaza redioni. Nikiwa peke yangu nashika flashi kama maiki, natangaza hali ya hewa: "Wapendwa wasikilizaji, Mlima Meru leo umejifunika, na hautaki kusema kwa nini."

Siku moja ukuta ukanijibu. "Binti, umeisogelea mno maiki. Rudi nyuma kidogo."

Maiki yenyewe flashi! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Alikuwa ananirekebisha kweli.

Katika maisha yangu sijaona mtu aliyependa sauti na kuchukia kelele kama yeye. Spika za baa zilikuja kwake, spika za makanisa zilikuja kwake, zote akazifufua, na kila alipomaliza moja aliijaribu kwa sauti ndogo kama ya mtu anayeongea na mtoto aliyelala. Mwenye baa akilalamika, "Fundi, hii mbona haina nguvu," anajibiwa, "Nguvu ipo. Adabu ndiyo nimeongeza." Alikuwa na misemo yake. "Spika haina uongo, mwongo ni waya." Na mwingine ambao mwanzoni niliuona wa kizee tu: "Kila chumba kina sauti yake kikiwa kitupu."

Huu wa pili aliufanyia kazi. Alikuwa anaomba watu ruhusa ya kurekodi vyumba vyao wakiwa hawamo. Kaseti zake zilijaa rafu mbili, kila moja imeandikwa kwa kalamu ya risasi: Sebule, mvua imekatika. Stoo ya kahawa, Nkoaranga. Chumba cha tiketi, Maji ya Chai, basi limeshaondoka. Mtu mwingine angesema kazeeka vibaya. Mimi nilimwona kama mtu anayekusanya majani na maua, ila yeye kachagua kitu kisichoshikika.

Mara moja alinivalisha hedifoni zake kubwa. "Hii ni fremu yako," akasema. "Ulipokwenda kula."

Nikasikiliza. Mwanzoni hakuna kitu. Halafu kalenda yangu ukutani ikipigapiga. Halafu, karibu kabisa na sikio, kitu kama mtu aliyevuta pumzi akitaka kuanza kusema, akaghairi.

"Fundi, nani huyo?"

"Hakuna mtu."

"Kuna mtu anavuta pumzi."

"Ni feni yako."

"Feni yangu imekufa tangu Pasaka."

Akanitazama. Akazichukua hedifoni, akasikiliza mwenyewe, akazivua taratibu. "Basi ni chumba," akasema, akarudi kwenye kazi yake kana kwamba ameniambia saa. Wiki nzima nilifungua fremu yangu kwa kusukuma mlango kwa mguu, mimi mwenyewe nimesimama nje.

Sasa, albamu. Ilikuwa mchana, jua limesimama, akaja na flashi mkononi. "Weka uuze," akasema. "Au gawa. Au acha." Ndani yake nyimbo tisa, na jina la albamu ni "Wenyewe Mpo?"

Nilimuuliza ni muziki gani, akasema jina lake halijui. Zamani kuna mwongoza watalii alimletea deki iliyomeza kaseti, hakurudi tena kuichukua. Fundi akaitoa ile kaseti ya kigeni, akaisikiliza mpaka utepe ukakwisha. Nilimwimbia rafiki yangu mmoja wa mtandaoni ule mdundo, akaniambia huo unaitwa trip-hop. Nikuelezee hivi: chukua hip hop, ipunguze mwendo mpaka iwe kama mtu anatembea na ndala kwenye ukungu, anaburuta miguu, na ana hakika kuna kitu alikidondosha hapo njiani. Ndio huo.

Lakini wa Fundi ulikuwa wake. Ngoma yake ilikuwa mashine ya kukobolea kahawa, ile ya kuzungusha kwa mkono. Besi aliipata kwa kugonga spika tupu kwa kidole cha gumba. Kuna mvua ya kwenye bati, kuna hatua za mtu anayepanda njia ya mlimani asifike. Na chini ya nyimbo zote tisa kuna sauti ya mwanamke ananung'unika, nzito, ya kuburuta, maneno huyapati. Ukiongeza sauti yanakimbia. Ukipunguza yanarudi.

Halafu wimbo wa tano. Unaanza kama redio iliyozimwa. Kimya, kimya, mpaka unataka kuangalia kama simu imekata. Ndipo unasikia:

"Hodi."

Kinapita kimya kingine, kirefu cha kutosha kukusahaulisha. Kisha tena:

"Hodi."

Basi. Ngoma inaingia, na hakuna hodi nyingine mpaka mwisho.

Wewe na mimi tunajua hodi ni tatu. Unapiga ya kwanza, unapiga ya pili, ya tatu usipojibiwa unaondoka. Kwa hiyo mwili wenyewe unakaa unaisubiri ile ya tatu. Siku ya kwanza naipiga, mama mmoja anayeuza mandazi mbele ya fremu yangu alikuwa anafuta ndoo. Hodi ilipotoka, akaitikia bila kuinua kichwa:

"Karibuuu!"

Akafuta, akafuta, ndipo akainua kichwa. Barabara nyeupe kwa jua, hakuna mtu.

"Nani kapiga hodi?"

"Spika, Mama Mandazi."

"Spika hiyo hapo mbele yangu." Akashika shingo yake kwa nyuma. "Mimi mbona nimemsikia huku?"

Nilicheka. Ila nilimwona alivyohamisha kigoda akaegemea ukuta.

Kuanzia hapo watu wakagawanyika. Vijana wa bodaboda waliipenda, wakasema hii ngoma ina mawazo. Mzee wa duka la spea upande wa pili wa barabara, Singasinga aliyezaliwa mtaa huu huu, alichukua nyimbo zote, hakuacha hata mmoja. "Wananiambia inachosha," akasema. "Inapanda mlima kwa gia ya kwanza. Lakini si inapanda?" Wengine walinirudishia flashi wameishika kwa ncha za vidole. Dada mmoja alisema ameapa hatajibu, akajikaza, akauma na midomo, halafu mtoto wake wa miaka miwili akajibu. Kaka mmoja aliniambia aliitikia "karibu", mlango ukafunguka kidogo. Nikamwambia ni upepo wa mlimani. Akasema, "Upepo wa mlimani hausimami mlangoni."

Na wapo walioapa kwamba hodi ya tatu waliisikia, ila si kwenye spika.

Waliogawanyika zaidi ni wa nyumba moja ya Maji ya Chai. Mkwe wa nyumba hiyo alikuja kunilalamikia. Mama mkwe wake haoni, na kila wimbo wa tano ukifika anaitikia karibu na kuagiza mgeni amiminiwe chai.

"Sasa chai ya nani, dada yangu? Kikombe kinakaa pale mpaka kinafanya utando. Nataka kuufuta huo wimbo, bibi anagoma kula."

"Anasemaje huyo bibi?"

"Anasema mgeni ana heshima sana. Yupo hapo hapo mlangoni, haingii."

Nilipompelekea Fundi habari hizi nilidhani atafurahi au ataona aibu. Wala. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Alijibu?"

"Nani?"

"Bibi wa Maji ya Chai. Alisema karibu?"

"Alisema."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepokea salamu za nyumbani. Kila niliyemtaja, swali lilikuwa hilo hilo. Alijibu? Walionisifia albamu bila kujibu hakuwa na haja nao. Walioitukana lakini wakajibu, hao aliwapenda. Nikamwambia, "Fundi, una ajabu wewe. Mwenyewe hata siku moja hujamkaribisha mtu, halafu unahesabu karibu za wenzio."

Akaweka bisibisi chini. Nikajua nimegusa waya.

Ile sauti inayopiga hodi ilikuwa ya marehemu mke wake. Nilijua tu kwamba aliwahi kuwa naye, Mmeru wa Nkoaranga, na kwamba kila mmoja alibaki na dini yake, yeye msikitini, mke kanisani. Mengine yote alinisimulia mchana huo. Siku moja ya zamani Fundi alikuwa amemaliza deki ya mteja, akataka kujua kama ina mngurumo. Ili kujua hilo unarekodi ukimya. Akafunga pazia la nyuma, akabonyeza, akatulia. Ndipo mke akafika mlangoni na chakula cha mchana. Hodi. Fundi akanyamaza, kwa sababu akijibu ataharibu kipimo. Hodi. Akanyamaza. Mke alikuwa na haraka, anapanda Nkoaranga kwa mama yake mpaka Jumamosi. Akaweka sufuria juu ya stuli, akanong'ona maneno kwa Kimeru, akaondoka. Ya tatu hakuipiga.

Huko juu akaugua. Fundi alipoitwa na kufika, mke alikuwa hawezi tena kusema. Hakuamka.

"Kimeru mimi nilijua salamu na kuomba maji," akaniambia. "Alichosema pale sikijui. Mtu unapiga hodi kwa mumeo, mumeo yumo ndani, hakujibu. Wewe ungesemaje?"

"Si ungemuuliza mtu yeyote wa Meru akutafsirie? Miaka yote hiyo?"

"Nimuulize aniambie mke wangu alinilaani?"

Nikaelewa kwa nini anataka watu waitikie. Aliona kila karibu inayotoka Kaloleni, Maji ya Chai, popote, inapunguza deni la ile aliyomnyima mkewe.

Dada mdogo wa marehemu aliliona hilo jambo kinyume kabisa. Ndiye mwenye shamba la kahawa na migomba sasa huko Nkoaranga. Albamu ilimfikia kwa simu ya mpwa wake. Akashuka mjini siku ya pili yake, kitenge kimefungwa vizuri, mwavuli mkononi, akapiga hodi moja tu kwa Fundi na hakusubiri kikohozi.

"Shemeji, shikamoo," akasema, na nilivyoisikia kupitia ukutani ile shikamoo ilikuwa kama kofi. "Toa hicho kitu."

"Marahaba shemeji. Kitu gani?"

"Kile kinachopiga hodi. Kile si dada yangu."

"Ni yeye. Nilikuwepo."

"Dada yangu nimelala naye kitanda kimoja miaka kumi na mitano, utaniambia wewe? Dada alikuwa na sauti ya juu, kama filimbi. Hicho ni kitu kingine kimevaa sauti yake. Na wewe unakitembeza kwenye milango ya watu, na watu wanakikaribisha!"

Nikatoka nikasimama mlangoni, umbea na huruma vimeshikana mikono. Mama yule alikuwa analia bila kukunja uso.

"Wiki ijayo tunamjengea kaburi," akasema. "Ukoo mzima utakuja. Ukiitoa ile sauti, karibu. Usipoitoa, usikanyage Nkoaranga. Sitamjengea mtu kule huku wewe hapa unamtembeza."

Fundi akasema hawezi. Alilisema kwa unyonge, lakini alilisema mara mbili. Mama akafungua mwavuli wake, na mvua hakuna, akaondoka.

Siku tatu Fundi hakugonga kitu. Ukuta ukawa ukuta. Nilijua anavyotaka kwenda kusimama penye lile kaburi, na nilijua asivyoweza kuifuta ile sauti, kwa sababu akiifuta anabaki amenyamaza tu. Mchana wa nne nikaingia bila hodi.

"Fundi, chukua deki na kaseti yenyewe, twende juu. Asikilize ile halisi, si ya kwenye simu. Kama si yeye, si yeye."

"Na yale maneno ya Kimeru?"

"Na yale maneno."

Akakaa. Nywele zote nyeupe, mikono inanuka risasi ya kuchomelea, akawa mdogo kama mtu anayengoja sindano. Mwisho akasema, "Beba wewe kaseti. Mimi nitaiangusha."

Nkoaranga siku ile ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Njia inapanda kwa kukatakata pumzi, na nyuma yetu nilikuwa nasikia hatua, kila tukisimama zinasimama. Nikajisemea ni mwangwi. Sikugeuka kuhakikisha. Mama yule, shemeji yake, alitupokea kwa uso wa mtu anayepokea mashahidi. Fundi akaweka deki mezani, juu ya kitambaa cha kufuma, akabonyeza.

Chumba kikajaa ukimya wa siku ya zamani. Kisha "Hodi", nzito, kama inatoka chini ya udongo. Mama akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Umesikia? Umesikia mwenyewe? Huyo ni nani?"

"Ni mke wangu," Fundi akasema, na kwa mara ya kwanza nikamsikia hana hakika.

Mimi nilikuwa sisikilizi ile hodi. Nilikuwa nasikiliza nyuma yake. Mbali, nyumba ya jirani siku ile, redio ilikuwa inapiga wimbo wa dansi wa zamani. Wimbo huo ninao, nimewaingizia wazee karibu mia. Na pale kwenye kaseti ulikuwa unaimbwa kama waimbaji wote wana homa.

"Fundi," nikasema, "deki yako inachelewa."

"Deki yangu?"

"Huo wimbo hapo nyuma. Hauendi hivyo. Unaenda hivi." Nikauimba, nikaupigia meza vidole.

Kama ungemwona. Mtu aliyetengeneza deki za nusu ya Arusha. Akafungua mfuniko, akaingiza kidole, akauvuta mkanda wa mpira unaozungusha kaseti. Ulikuwa umelegea kama lastiki ya soksi kuukuu. Kaseti ilirekodiwa kwenye deki ya mteja, ikaja kuchezwa kwenye hii yake miaka yote, na hii yake hakuna aliyeikagua. Mganga hajigangi. Mke wake alikuwa anazama kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, naye sikio lake linamfuata chini hatua kwa hatua, linasema ni yeye yule yule.

Nyuma ya mota kuna tundu, ndani yake skrubu ndogo ya mwendo. Akachukua bisibisi nyembamba. Akarudisha kaseti nyuma, akabonyeza, akaanza kuzungusha, na macho yake kwa shemeji.

"Bado," mama akasema.

Akazungusha.

"Bado. Huyo bado mgonjwa."

Akazungusha kidogo mno, kama anamgusa mtu jicho.

"Hapo," mama akasema. "Hapo! Hapo hapo, shemeji, usiguse!"

Hodi ikatoka nyembamba, ya haraka, yenye kicheko ndani yake. Mwanamke kijana, ana safari, mikono imejaa. Mama akaziba mdomo kwa kitenge. Hodi ya pili. Sufuria ikagusa stuli. Na ule mnung'uniko wa kutisha, uliokuwa chini ya nyimbo tisa, ukageuka maneno mepesi ya Kimeru, kama ndege wawili, yakaisha, na hatua zikaondoka.

Mama alikuwa anacheka. Machozi yanatiririka, anacheka.

Fundi ameishika bisibisi kwa mikono miwili. "Amesema nini?"

"Kwani hujui?"

"Shemeji, nakuomba. Hata kama ni mabaya."

"Anaongea na sufuria." Akajifuta. "Anasema, makande yameshika chini. Asipokoroga hatajua. Akikoroga, shauri yake."

Fundi akaomba kusikia tena, mama akamtafsiria tena. Akaomba tena. Mara ya tatu akatoka nje, akasimama kwenye migomba akiwa ametugeuzia mgongo, ukungu ukamla mpaka mabega.

"Mwambie aiache hodi," mama akaniambia. "Ila asimburute tena. Dada hakuwa mtu wa kuburuta maneno."

Walimjengea kaburi wiki iliyofuata, naye Fundi alikuwepo, alipewa mwiko akapiga sementi upande wa miguuni. Kisha akarudi Kaloleni akaitengeneza albamu upya. Ngoma ni zile zile, za kuburuta ndala, ila katikati yake sasa anapita mwanamke mwenye haraka. Watu wakagawanyika tena, ajabu yao. Waliokuwa wanaogopa wakaipenda. Vijana wa bodaboda wakasema imeharibiwa. Singasinga akachukua zote mbili. Mimi niliifuta ile ya zamani kwenye kompyuta yangu, lakini huwezi kufuta kilichomo kwenye simu za watu, kwa hiyo ipo, inazunguka.

Nilimpelekea yule bibi wa Maji ya Chai ile mpya mwenyewe, kwa furaha zangu zote. Akasikiliza mpaka wimbo wa tano. Akatabasamu, akaitikia karibu. Kisha akageuza uso upande wangu, na macho yake yale yasiyoona.

"Huyu mzuri. Huyu ana haraka," akasema. "Sasa yule wa kwanza mmemwacha wapi?"

Nilikunywa chai yangu, na kikombe cha pili pembeni sikukitazama.

Sasa Fundi amefunga fremu. Macho yamechoka, hawezi tena kuona skrubu. Amebaki kwenye chumba chake cha uani huko huko Kaloleni, na juzi baada ya saa za kazi nilimpelekea ndizi za Nkoaranga nilizopewa na shemeji yake. Tukaongea habari za mtaa, nikamtangazia na hali ya hewa. Halafu nikashindwa kujizuia.

"Fundi, nikuulize. Yale makande, uliyajua?"

"Nilikoroga," akasema. "Hayakuwa yameshika, binti. Yalikuwa yameungua. Meusi. Nilikula yote, nikakwangua mpaka chini, huku nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Nikasema, ngoja ashuke Jumamosi nimtanie. Hata maneno nilishayapanga."

"Maneno gani?"

Akajiweka sawa kwenye kiti, akasafisha koo. "Nilipanga kumwambia: mke wangu, watu wote wa mji huu wananiletea vilivyoungua nivitengeneze. Na wewe ukaona usipitwe?"

Nilicheka, na yeye akacheka, kicheko kikavu cha muda mrefu. Kisha akanyamaza, akainamisha kichwa upande mmoja, sikio limeelekea pale pasipo na mtu, kama mtu yeyote aliyekwisha kutoa utani wake na sasa anangoja asikie umepokelewaje.